Nani anakuitikia?

Maneno haya yalisemwa na mmoja wetu mbele ya vijana wa Nyabiondo, huko Masisi. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa, tukapunguza salamu na maswali. Tunayaweka hapa juu wengi wenu wa Goma, Bukavu na Beni mliyaomba.

  

Kwenye mwaliko mliandika niongee juu ya "sanaa na mapambano ya raia". Kichwa kile ni kikubwa, kinaweza kutulaza hapa mpaka kesho. Nitachukua kipande kimoja tu, kile munaniulizaka kila mara kwenye WhatsApp: namna gani mtu anaweza kutunga kitu kirefu na asikiache njiani? Wimbo wenye beti nyingi, mchezo wa kuigiza, picha za kufuatana, kitabu kabisa.

Juu siye tunajuana. Kukitokea jambo baya, siku ile ile tunatoa wimbo. Mwingine anapiga slam usiku, mwingine anachora bango, video inazunguka Goma yote mbele jua halijatua. Watu wanalia, wanatumiana. Siku ya nne, kimya. Wiki ya pili linatokea jambo lingine, tunaanza wimbo mwingine. Angalieni ndani ya simu zenu. Kuko vianzo vingapi? Na vilivyomalizika ni vingapi?

Sisemi vile juu ya kucheka mtu. Wimbo wa siku moja uko na kazi yake, unaamsha watu, na mouvement yetu ingekuwa imelala zamani bila nyimbo za namna ile. Lakini kuko mambo ambayo wimbo wa dakika tatu haubebi. Chukueni Desemba 2004. Vita viliingia hapa Nyabiondo, raia waliuawa, watu walikimbilia msituni. Wazazi wetu pale nyuma hawana haja mimi niwaeleze. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo ni vijana, na wamoja wameketi mbele yangu. Wakitaka kusoma yaliyotokea, watayapata: mwaka wa 2005 Human Rights Watch iliyaandika ndani ya ripoti juu ya Kivu ya Kaskazini. Ni kazi nzuri, na ninawashukuru walioifanya. Lakini ripoti inahesabu wafu na kutafuta wenye hatia. Haisemi marehemu alikuwa anapika nini siku ya soko, alikuwa anaimba sauti gani ndani ya korali, jirani yake alimwita jina gani la utani. Kazi ile ni yetu, na ni kazi ya miaka. Haifanyiki usiku mmoja. Kila mwaka mzee mmoja anaondoka na kipande chake, na hakuna aliyekaa naye akiandika. Njo maana ninaona swali lenu si la wasanii peke yao.

Sasa twende kwa jirani. Ukitoka Masisi upande wa magharibi unaingia Walikale, kwa ndugu zetu Wanyanga. Mwaka wa 1956, wakati wa Wabelgiji, kulikuwa huko mtu mmoja jina lake Candi Rureke. Walimwita She-karisi, ni kusema mwenye karisi, na karisi kwa Kinyanga ni ile hadithi ndefu yenye kuimbwa. Yeye alijua ile ya Mwindo. Wengi wenu mmeisikia kwa bibi zenu: mwami Shemwindo anaamuru wake zake wazae wasichana tu, halafu anazaliwa Mwindo, mtoto mwanaume, anazaliwa tayari anatembea na anaongea. Baba anataka afe. Anamfungia ndani ya ngoma, ngoma inatupwa majini, na mtoto anaimba humo ndani ya ngoma. Kwa siye ambao wamejaribu mara ngapi kutufunga mdomo, sina haja ya kueleza zaidi.

Professor mmoja Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alikuwa anatafuta mtu anayeweza kuisema hadithi ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Akamfikia Rureke. Kazi ilichukua siku 12. Siku 12 Rureke anaimba, anasimulia, anacheza, anaigiza, na wao wanaandika kwa mkono, kwa Kinyanga. Kitabu kilitoka mwaka wa 1969 huko Marekani, na kati ya majina mawili yaliyo juu yake, moja ni la Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, mtaalamu wa lugha. Iko vizuri tulijue jina lile pia.

Tukisikia siku 12, tunasema: ah, yule Mungu alimpa kipaji, siye hatuna. Apana. Ngojeni. Linalonishangaza mimi ni lingine. Rureke mwenyewe alirudilia kusema kwamba maisha yake yote hajawahi kuisema hadithi ile nzima kwa siku za kufuatana. Hakuna aliyewahi kumwomba vile. Alikuwa anasemaka kipande. Jioni hii kipande kimoja, siku ingine kwa watu wengine kipande kingine. Hadithi yote ilikuwa ndani yake, lakini ilikaa humo vipande vipande, na kila kipande kilikuwa kimeshaimbwa mara nyingi mbele ya watu wanaocheka, wanaosinzia, wanaouliza. Alipokuja mgeni na kaye yake, Rureke aliviunganisha tu. Siku 12 zile zilikuwa mavuno. Kulima kulikuwa kumechukua miaka.

Na hakuwa peke yake. Hapa njo pa kusikiliza vizuri. Karibu yake kulikuwa vijana. Wameweka fimbo kavu juu ya vijiti vidogo, wanaipiga kwa mapigo, na wanaitikia wimbo. Rureke anasimama na kibuyu cha kuchezesha mkono mmoja, usinga mkono mwingine, kengele ku miguu. Pumzi ikikatika, wao wanabeba wimbo mpaka arudi. Na wale vijana hawakuwa wapigaji tu. Njo namna mtu alijifunza karisi. Shule ingine haikuwako. Unapiga fimbo nyuma ya mwalimu, unaitikia, unasikia kipande kile kile mara ya kumi, mara ya ishirini, mpaka siku moja unajikuta unakijua.

Wasikilizaji nao wanatoa zawadi katikati ya hadithi, hawangojei mwisho. Na msimulizi anaweza kuisimamisha hadithi humo humo, akaongea mambo yake mwenyewe, maisha yake, shida zake, akawachokoza hata wenye kumwandika. Waliochapa kitabu hawakuyafuta maneno yale. Mimi njo sehemu ninapenda kuliko zote, juu unasikia mtu anafanya kazi, jasho linamtoka.

Basi ukiniuliza namna ya kumaliza kitu kirefu, jibu langu la kwanza ni swali: nani anakuitikia? Sisemi wenye kukupigia makofi kwenye Facebook. Ninasema watu wawili, watatu, wanaojua kwamba uko kwenye kipande cha nne, wanaokumbuka cha tatu kiliishia wapi, na wanaokuuliza siku ya Jumapili: kisha?

Najua kuko anayesema moyoni: Rureke alikuwa na kijiji kilichotulia. Siye leo tuko hapa, kesho tuko njiani na godoro ku kichwa. Ni kweli, na sitaifunika kweli ile. Lakini angalieni mtu ambaye hakuwa hata na mlango wa kufungua. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, mwaka wa 1968 aliandika karatasi ya siasa yenye jina "Kenya: Twendapi?" Serikali ya Kenya ikamkamata, akahukumiwa miaka mitatu, akatoka 1972. Humo gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi ya chooni. Mwaka wa 1973 yakatoka kama kitabu, "Sauti ya Dhiki". Mwaka uliofuata kitabu kikapata zawadi yenye jina la Jomo Kenyatta, raisi yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. (Mkitaka kucheka, chekeni.)

Kwa nini ilikuwa shairi? Mimi nafikiri ni juu shairi la pwani, pamoja na vina vyake na mizani yake, ni kama mfuko. Linashika maneno ndani ya kichwa mpaka karatasi ipatikane. Ubeti mmoja unatosha kwa usiku mmoja. Ukikatwa hapo, umeshamaliza kitu. Na hapa tunarudi kwa Rureke: kipande chenye kusimama chenyewe.

Na kwetu Congo kuko Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Alizaliwa 1947. Hakuwa na mshahara wa uchoraji, alichora ku mifuko ya unga, akauza kwa watu wa kawaida, wapambe nyumba zao. Picha yenye kupendwa aliichora tena na tena, juu watoto wanapaswa kula. Wasomi wamoja wanaidharau kazi ya namna ile. Mimi apana. Mkono wake ulijifunza humo. Kati ya 1973 na 1974 alipokutana na professor Johannes Fabian, aliyefundisha kule, alichora historia yote ya Zaire, picha karibu 100, na akaeleza kila moja kwa Kiswahili cha kwao. Picha 100 kwa muda ule! Hakuanza siku ile. Alikuwa amezichora nyingi kati ya zile mara nyingi, kwa mkate. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, habari zake zikapotea. Kazi tuko nayo, mtu hatuna.

Sasa tuje kwako. Siwezi kukupa utaratibu wa mtu mwingine, kama vile siwezi kukupa viatu vya mwingine upande navyo mlima huu. Biebuyck alichapa baadaye, 1978, hadithi zingine za Wanyanga kutoka kwa wasimulizi wengine, na hazifanani na ile ya Rureke. Kila mmoja alikuwa na njia yake. Ninachoweza ni kukuuliza: saa gani ya siku hakuna mtu anayekuita? Itafute kweli, wiki moja, kama unavyotafuta mahali ambapo simu inashika network. Nilijua motari mmoja anayetunga akingoja mteja pale wanaposimamaka. Sentensi moja kwa kila kungoja, na anairudilia safari yote mpaka arudi. Mwalimu mmoja anaandika nyuma ya karatasi za mtihani zilizoshasahihishwa, nusu saa, wanafunzi wakishatoka. Mwingine anakaa wiki tatu bila kugusa kitu, halafu usiku mbili hakuna kulala. Huyo pia yuko sawa, mradi ameacha kazi mahali ambapo atajua pa kuanzia. Ukiacha, usiache ukiwa umechoka na umepotea. Acha ukijua Mwindo kesho anaenda wapi.

Na wadada. Niseme wazi. Tukiuliza saa gani hakuna mtu anakuita, mwanaume anafikiri, anapata jibu. Msichana anacheka. Asubuhi maji, halafu shamba, halafu sombe ya kutwanga, halafu watoto wa dada yake. Namjua mmoja hapa hapa, sitamtaja, aliyetunga ubeti mmoja kwa kila safari ya kwenda ku chemchem, akiupiga ku bidon tupu wakati wa kushuka. Wakati wa kupanda hawezi, bidon imejaa. Ni wimbo mzuri kuliko mingi inayotoka Goma. Lakini tusimsifu halafu tukamwacha na bidon yake. Vijana wanaume wa mouvement, munasema munamuunga mkono? Basi kila Jumamosi mmoja wenu abebe maji yale. Lita 20 mara mbili, ni saa nzima ya kutunga. Mchango wa namna hii njo ninauamini, kupita tangazo lolote tunaloandika la tarehe 8 Machi.

Jambo la pesa nalipita haraka, juu sina mayele mingi nayo. Zawadi katikati ya hadithi, nimewaambia. Munajua likelemba, mama zenu wanaicheza. Watu watano wenye kutunga, kila mwezi mmoja anapokea: anunue kaye, rangi, betri, au alipe mtu wa kutia moto ku simu. Hakuna mradi wa kuandika, hakuna kungoja mfadhili. Mfadhili akija, tutamkaribisha.

Lakini pa kuweka kazi, hapo ni lazima tukae kidogo, juu hapa hatuchezi. Mnamo Februari 2016, kule Goma, wenzetu sita wa LUCHA walikamatwa nyumbani wakitayarisha mabango ya ville morte ya tarehe 16. Walihukumiwa kifungo. Bango, wandugu. Kitambaa na rangi. Ninyi wenyewe munajua bariyeri: simu inafunguliwa, picha zinaangaliwa, ujumbe unasomwa. Kaye inaweza kulowa, kuchomwa, kusahauliwa siku ya kukimbia. Simu inanyang'anywa. Wimbo ambao watu wanne wanaujua kwa kichwa, nani ataupekua? Nimesema waitikiaji wanakusaidia kumaliza. Wanakusaidia pia kutopoteza. Kila kipande kikiisha, kifundishe mtu kabla hujaanza kingine. Ukikimbilia Masisi-centre na yeye akakimbilia msituni, kipande kimeenda njia mbili.

Kwa wale wenye kutaka kuianza kazi ya 2004, na ninajua muko watatu, nimeongea nanyi jana: msiandike "historia ya Nyabiondo" juu ya kaye. Kichwa kile kitawaua kabla ya ukurasa wa pili. Mzee mmoja, jioni moja, jambo moja. Namna soko lilivyokuwa mbele ya ile siku. Mtu mmoja aliyepotea, alipenda kula nini. Ombeni ruhusa kwanza, na mzee akisema hapana, mletee kuni na muongee habari ya mvua. Akikubali, mrudishie kipande chake mkishakitunga, akisikie, akirekebishe. Kuwa na mama mmoja katika wanaosikiliza, juu kuko mambo mama hatasema mbele ya vijana watatu wanaume, na hapaswi kulazimishwa. Majina ya wenye kushtakiwa na wangali hai hapa karibu, hayo msiyaweke ndani ya wimbo. Kuko mahali pengine pa majina yale, na siku ingine tutaongea na watu wa sheria. Wimbo ni wa wafu wetu.

Na mtakwama. Mwezi wa tatu au wa nne mtakwama, mmoja atapata kazi Goma, mwingine ataolewa, njia itafungwa. Basi mnashika kilichobaki. Vipande sita vyenye kusimama ni vipande sita, korali inaweza kuviimba Krismasi hii. Rureke aliishi miaka na vipande vyake bila mtu kumwomba hadithi yote, na nafikiri hakuhesabu kwamba ameshindwa.

Ninaomba kitu kimoja kabla ya giza. Kila aliye na kitu alichokianza atafute watu wawili humu ndani, sasa hivi, awaambie kiko wapi na kinaitwaje. Msiandikiane kwenye WhatsApp, semeni kwa mdomo. Nitapita kati yenu, na nitauliza wale wawili, siyo wewe.

Nimemaliza. Ninyi watatu wa ngoma, sogeeni mbele. Dada wa bidon, kama hauna haya, anza na ubeti wa pili, ule wa kwanza tunaujua.